Wote na Wetu

Cherehani ya Emérance ilikuwa na uraia wa nchi mbili. Kichwa kilitoka Beni, kimefungwa ndani ya kitenge na kubebwa mgongoni kama mtoto, siku ile watu walipovuka mpaka wa Mpondwe wakikimbia risasi. Miguu, yaani meza ya mbao na kile chuma cha kukanyaga, ilikuwa ya hapa hapa Bwera, ya marehemu mama mkwe wa Hamidah. Kuku walikuwa wanalala juu yake stoo, mpaka siku Hamidah alipofungua duka lake la vitenge akamkuta mkimbizi amekaa barazani, amekumbatia kichwa cha cherehani, hajui pa kukiweka.

"Mama, hiyo kitu inashona ama unainyonyesha?" Hamidah alimuuliza.

Emérance alicheka, na hapo alikuwa na wiki nzima hajacheka. Kuku walifukuzwa stoo, kichwa kikapata miguu. Miaka sita baadaye bado alikuwa kwenye baraza lile lile. Hamidah anauza vitenge ndani, Emérance anavishona nje, na jioni cherehani inaingizwa kulala dukani. Kila siku saa nne asubuhi Hamidah hutoka na chupa ya chai na vikombe viwili, anamimina mwenyewe. Emérance akinyoosha mkono kushika chupa anapigwa kibao kidogo cha vidole. "Mtu aliye kwa baraza langu hamimini," Hamidah husema. Mtaa mzima ulimwita Hajati, ingawa Maka aliijua kwa picha ya kalenda tu.

Emérance alikuwa mwanamke wa mdomo. Ukimletea kitambaa kidogo na mwili mkubwa, alikuuliza kama unataka gauni ama foronya. Wateja walimwogopa na walimpenda kwa sababu hiyo hiyo. Lakini kulikuwa na mahali mdomo wake ulikuwa unakufa kabisa, nako ni kwenye chama cha akina mama cha parokia, pale mwenyekiti wao Aimée alipomgeukia mbele ya wenzake.

"Mama Alliance," Aimée alimwambia siku moja, akimwita kwa jina la binti yake kama ilivyo desturi, "Ramadani ikifika, wewe unafunga na Hajati wako ama unakulaka mu kificho?"

Wanawake walicheka. Emérance alicheka zaidi yao, kisha akaenda na neno lile nyumbani, akalitafuna siku nyingi kama nyama yenye mishipa. Mtu aliyesaidiwa hapendi kukumbushwa kila saa nani alimsaidia. Hilo lipo. Lakini kuna watu wanalimeza, na kuna watu wanalitafutia mahali pa kulitemea.

Basi Jumapili moja Padri Blasio akahubiri habari ya biashara ndogo ndogo. "Mnapita mlango wa jirani," alisema, "mnapanda gari mpaka Kasese kununua sabuni, na sabuni yenyewe aliichemsha huyo huyo jirani. Sabuni imesafiri kwenda, nyinyi mmesafiri kwenda na kurudi. Kwa nini?" Watu wakacheka, kwa sababu ilikuwa kweli. Padri akasema kanisa litaweka orodha ya wafanyabiashara, itasomwa misani, kisha Jumapili itakayofuata kila mmoja ataleta vitu vyake uwanjani, meza kwa namba, na waumini watanunua hapa hapa kwanza.

Baada ya misa alimwita Emérance, maana mwandiko wake ulijulikana. Akampa karatasi. "Mama, andika wote wa barabara ya soko."

Wote. Neno lilitoka wazi, hakuna ngoma wala upepo wa kulifunika. Lakini pale nje Aimée alimshika kiwiko. "Uandike betu tu," alisema. "Wale wengine beko na musikiti yao, iwasomee."

Orodha aliiandika siku iliyofuata, asubuhi, juu ya ile meza ya cherehani. Namba moja akajiweka mwenyewe: Emérance, kushona nguo. Mbili, mama wa maandazi. Tatu, fundi viatu. Saba, Thembo wa kahawa ya Kyondo. Alipofika kwenye vitenge kalamu ikasimama. Ndani ya duka Hamidah alikuwa anamwambia mteja kwamba rangi hii haitoki hata ukiifua kwa hasira. Emérance aliandika: Naome, vitenge. Naome wa mwisho wa barabara, mwanachama, ambaye vitenge vyake hata havikujaa kamba moja.

Hamidah akatoka na chupa. "Unaandika nini, Mama Alliance?"

"Kazi ya kanisa."

"Andika vizuri. Mwandiko yako ni ya mwalimu." Akammiminia chai, akarudi ndani. Emérance alikuwa ameifunika karatasi kwa mkono mzima, kama mwanafunzi anayeogopa kuibiwa hesabu.

Jumapili orodha ikasomwa. Jumatatu asubuhi Hamidah alikuwa tayari barazani, mikono kiunoni, uso umechanua.

"Nasikia padri yenu amesoma watu wa barabara yote. Mimi walisoma namba ngapi?"

Hapo ndipo Emérance angeweza kusema. Angesema tu, walikusahau, nitawaambia waongeze. Uongo mdogo, wa kutengenezeka. Lakini ule uso ulikuwa umechanua mno.

"Saba," alisema.

"Saba!" Hamidah akapiga makofi mara moja. "Saba ni nzuri. Hata mbingu ni saba."

Kuanzia hapo Emérance hakuwa na wiki, alikuwa na kidonda. Hamidah alimwambia kila mteja kwamba kanisani yeye ni namba saba. Aliwaambia akina mama wa msikitini. Alimwambia mume wake Muhamood, dereva wa lori, naye akamletea kutoka Kampala marobota mawili ya vitenge vipya, vya maua makubwa, kwa ajili ya siku hiyo tu. Kila saa nne chai ilimiminwa, na kila saa nne Emérance alijiambia, leo ninasema. Alikunywa, akashukuru, akainama kwenye mshono. Fadhila za punda ni mashuzi, marehemu bibi yake alizoea kusema, na wiki ile aliona punda huyo anafanana na nani. Ijumaa alishona mkono wa blauzi kwenye shingo. Jumamosi Hamidah alimsaidia kuipakia cherehani kwenye bodaboda, akaifunga miguu kwa mpira kwa mikono yake. "Isianguke," alimwambia mwenye pikipiki. "Hiyo ni ya mama mkwe."

Jumapili uwanja wa kanisa ulijaa kama siku ya soko. Katekista Gidioni alikaa kwenye lango na karatasi, mtu mwenye kufuata maandishi kuliko maandishi yenyewe yanavyotaka. Emérance alikuwa ndani kidogo tu, namba moja, na cherehani yake. Aliomba kimoyomoyo mvua inyeshe. Juu ya milima kulikuwa na jua jeupe, la dharau.

Hamidah alifika amevaa gomesi ya kijani na shela nyeupe, ile ya Idi. Marobota yalikuwa juu ya bodaboda mbili.

"Mimi Hamidah wa vitenge," alimwambia Gidioni. "Namba saba."

Gidioni aliangalia. "Saba iko ya Thembo wa kahawa. Amekwisha kukaa."

"Basi sikusikia vizuri. Angalia jina."

Gidioni alipitisha kidole kutoka juu mpaka chini, akitamka majina yote. Akarudia. Kisha akaigeuza karatasi upande wa nyuma, kama vile jina la mtu linaweza kujificha huko. Walio nyuma kwenye foleni wakaanza kunyoosha shingo. "Hajati, haumo," alisema.

Mguu wa Emérance ulikuwa unakanyaga chuma bila yeye kujua. Sindano ilikuwa inadonoa bure, hakuna nguo chini yake.

Hamidah alimtazama mara moja tu. Halikuwa jicho la hasira, na ingekuwa nafuu lingekuwa la hasira. Alimtazama kama mtu anayehesabu siku: Jumatatu, Jumanne, Jumatano, vikombe vyote vile. Kisha akamgeukia Gidioni, akacheka.

"Ni mimi nimechanganya," alisema. "Hii ni mambo ya kanisa, mimi nitakuja siku ingine. Pakieni, vijana."

Emérance alisikia uso wake unawaka mpaka kwenye masikio. Huyu mwanamke, aliyekuwa hajui kudanganya hata bei ya kitenge, alikuwa amejifunza uongo kwa pumzi moja ili kumfunika yeye. Mbele ya watu, katika shela ya Idi.

Padri Blasio alikuwa ameona marobota yanapakiwa tena. Akaja, akauliza, akaonyeshwa karatasi. Aliisoma, akamtafuta Emérance kwa macho, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ya upole.

"Mama Alliance, labda siku ile ulisikia 'wetu' pale niliposema 'wote'. Ni herufi mbili tu. Na mimi nina kawaida ya kusema haraka."

"Ndiyo hivyo, Padri," Aimée alidakia kutoka kwenye kivuli. "Alisikia vile."

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Kilichotakiwa ni kichwa kuinama kidogo, kila mtu arudi kwenye maandazi yake. Emérance alitazama chini akaona miguu yake juu ya chuma cha kukanyaga, na chini ya chuma hicho nyasi za uwanja wa kanisa.

"Nilisikia wote, Padri," alisema. "Niliandika wetu."

Akaendelea, maana ukianza kutapika huchagui pa kuishia. "Sikumusahau. Nilimuruka. Akaniuliza iko namba ngapi, nikamudanganya saba."

"Ulimruka vipi, Mama?" Gidioni aliuliza, na aliuliza kwa moyo safi. "Kama mfereji?"

Mtu mmoja alicheka, akanyamaza haraka.

"Kama mufereji," Emérance alisema. "Na hii meza nimekalia ni yake." Akaanza kukusanya nguo zake. "Akae hapa, mimi ninatoka."

"Acha," Hamidah alisema. Haikuwa sauti ya kila siku. "Meza hiyo ni yangu hata bila orodha. Sihitaji unipe."

Thembo wa kahawa, mzee asiye na maneno mengi, alisukuma magunia yake kando. "Saba inatosha watu wawili," alisema.

Basi Hamidah akauza kwenye namba saba, kando ya harufu ya kahawa. Wanawake walinunua, wengine kwa sababu ya maua makubwa, wengine kwa sababu ya haya. Hata Aimée alichukua kimoja, akiangalia pembeni. Walipouliza nani atawashonea, Emérance alimsikia Hamidah akijibu, kila mara vile vile:

"Yule pale namba moja. Mikono yake ni mizuri."

Mikono. Hakusema zaidi ya hapo. Mpaka jioni kulikuwa na vitenge kumi na viwili kwenye meza ya Emérance vya kushona, na kila kimoja kilikuwa kama kofi.

Jumatatu alifika barazani mapema kuliko siku zote. Aliteremsha miguu ya cherehani kutoka kwenye bodaboda, akaipangusa vumbi, akaiweka mbele ya mlango. Kichwa alibaki nacho mgongoni, kimefungwa ndani ya kitenge, kama siku ile ya Mpondwe. Kisha akashuka akasimama barabarani, hakukaa barazani.

Hamidah alifungua duka. Alifagia. Alitundika vitenge kimoja kimoja, akarekebisha pindo ambazo hazikuwa na kosa. Alimhudumia mteja wa kwanza mpaka mwisho. Jua likapanda.

"Nimeleta miguu yako," Emérance alisema hatimaye.

"Nimeiona. Na hizo nguo kumi na mbili utashonea wapi, kwa mapaja?"

Emérance, mwanamke wa mdomo, alikaza fundo la kitenge kifuani.

"Weka pale inakaa siku zote," Hamidah alisema. "Watu wanangoja nguo zao."

Aliiweka. Alifunga kichwa kwenye miguu, akatia uzi, akaanza. Saa nne ikafika. Alisikia kifuniko cha chupa kinafunguliwa ndani, kisha kikombe kimoja kinawekwa juu ya kaunta. Hakuna aliyetoka. Aliinamia mshono, machozi yamemjaa, mstari unapinda.

"Chai iko hapa ndani," sauti ya Hamidah ilisema. "Wewe si mgeni. Kuja ujimiminie."

Emérance aliinuka. Alichukua muda mrefu kuvuka kizingiti kile, na mkono uliposhika chupa, hakuna aliyeupiga kibao.