Jibu la Wengi

Wanafunzi wa udaktari walimwita Mama Mitihani, na si kwa mapenzi. Miaka nenda miaka rudi alitunga maswali ambayo huwezi kuyajibu kwa kukariri: mgonjwa huyu hapa, ana hili na lile, haya, wewe unafanya nini? Jibu sahihi halikutoka kichwani mwake. Swali walipewa madaktari bingwa, kila mmoja peke yake, na walichokubaliana wengi ndicho kilichopewa alama. Mtunzi hapigi kura. Kanuni hiyo aliipigania mwenyewe, enzi zile wakubwa wa chuo walipokuwa wakigawa alama kwa kutazama sura.

Mwaka huu akatunga swali lililomkaa rohoni. Mama wa miaka arobaini, kifua kinamuwaka moto, jasho linamtoka, lakini anatembea mwenyewe. Apimwe moyo, au apewe dawa ya kiungulia aende zake?

Mabingwa karibu wote wakamrudisha nyumbani.

Alipoyasoma majibu kikaoni, aliisukuma karatasi kando. "Hili tulitoe," akasema.

"Kwa nini? Wamekubaliana vizuri kabisa," akajibu mkuu wa idara. "Mashine ya moyo ni moja, Daktari. Ukimpima kila mwenye kiungulia, foleni itafika barabarani."

"Huyo mama alikuwa dada yangu. Alirudishwa nyumbani, asubuhi hakuiona."

Wakainamisha vichwa. Mmoja akamsogezea maji. Mkuu akampa pole, tena pole ya kweli, kisha akasema taratibu, "Ndiyo maana ulituambia mtunzi asipige kura."

Swali likabaki. Alitoka pale amefura kwa hasira, na hakuwa na wa kummwagia ila nafsi yake.

Siku ya mtihani, binti wa marehemu dada yake, ambaye yeye mwenyewe alimlea tangu chekechea, aliingia nyumbani akatupa koti lake jeupe kitini. Msichana aliambiwa tu kwamba mama yake alilala asiamke. Ukweli wenyewe ulikuwa wa kuambiwa akikua, na kila mwaka ukasogezwa mbele.

"Mama mdogo, utatuua na maswali yako! Lile la kiungulia nusura linitege. Nilitaka kumpima moyo, nikajiambia, aa, mabingwa wangefanyaje? Nikamrudisha nyumbani. Nimepatia?"

Alimtazama yule binti, sura ya dada yake kabisa.

"Umepatia," akasema.