Kisogo cha Salimu

Petroli ikimwagika juu ya vumbi jekundu lenye joto, watu wengi huziba pua. Mimi hushikwa na kiu. Nimezeeka sasa, nimeona magari ya kila namna yakipita hapa Voi, na bado nikisimama karibu na mahali dereva anapojaza tangi lake, ulimi hunikauka, nikaanza kutafuta maji. Wajukuu wangu wanadhani ni ugonjwa wa sukari. Si sukari. Ni mama yangu na kibuyu chake, na motokaa moja iliyokuwa ikirudi kutoka Mwatate.

Nilikuwa msichana mdogo, wa umri wa kutumwa chumvi na kurudi bila kuimwaga. Vita vya Wajerumani vilikuwa vimekwisha. Baba yetu alikuwa amechukuliwa kubeba mizigo ya jeshi. Alipita Maktau na wenzake, na baada ya hapo hakuna aliyetuletea habari yake wala ya kaburi lake. Mimi sikumjua. Kaka yangu Salimu alimkumbuka nusunusu. Mama ndiye aliyekuwa naye moyoni, mpaka asubuhi moja, akipepeta mchele, mikono ikasimama, akasema kama anayejisemea mwenyewe kwamba sura ya mumewe imemtoka. Sauti yake anayo, mwendo wake anao, sura hana. Kisha akaendelea kupepeta.

Niwaambie kidogo habari zake ili mumwelewe. Mama alizaliwa Ronge, kule juu kwenye baridi na migomba, akasilimu alipoolewa na baba, ambaye watu wake walitoka pwani. Alisali, alifunga, na hakutoka nje bila buibui. Lakini kwao milimani, zamani zile, mtu mzima akishazikwa na muda ukapita, kichwa chake kilifukuliwa na kuwekwa pangoni pamoja na vichwa vya wazee wake. Mbele ya watu mama hakuyagusa mambo hayo. Jikoni aliyagusa.

"Babu yangu najua alipo," alituambia. "Hata leo naweza kuwapeleka nikawaonyesha. Baba yenu nitawaonyesha wapi?"

Salimu alikuwa kijana wa kazi sasa. Alikuwa spana-boi wa mzungu mmoja wa shamba la mkonge, ambaye watu walimwita Bwana Pilipili kwa sababu ya uso wake. Kazi ya Salimu ilikuwa kukaa kando ya bwana huyo ndani ya motokaa, kubadilisha magurudumu, kuziba tundu na kuchota maji. Aliipenda motokaa ile hata akila alikaa akiielekea. Basi ikasikika kwamba Bwana Pilipili amepata shamba lingine huko bara, mbali kupita Nairobi, na kwamba ataondoka na motokaa yake na Salimu wake mara tu baada ya mashindano.

Mashindano yenyewe yalikuwa ya wazungu wa mashamba na wenzao waliokuja kwa treni: kutoka Voi mpaka Mwatate na kurudi, kila mtu na motokaa yake, mshindi apewe kikombe. Mama hakumkataza Salimu kwenda bara. Alisema neno moja tu, na alilisema kwa ami yangu Hemedi.

Ami Hemedi alikuwa mdogo wake baba. Alikuwa fundi cherehani, hajaoa, mtu wa maneno machache na masikio makubwa. Baada ya vita daktari mmoja wa askari aliyekuwa akirudi kwao alimwachia kamera ya sanduku kwa kazi ya nguo alizomshonea, na tangu hapo ami hakuwa mtu yule tena. Alipiga picha tangi la maji la stesheni. Alipiga mbuzi. Alipiga treni, akapata moshi mtupu, akaisifu ile picha ya moshi kwa mwezi mzima. Alikishikilia kile kisanduku kifuani, akainamisha kichwa kwenye kioo chake kidogo, akabana pumzi kama anayetia uzi kwenye sindano.

"Shemeji," mama alimwambia, "mtoto anaondoka. Huyu sitaki sura yake initoke. Nitolee kichwa tu. Mikono na miguu sina haja nayo."

"Astaghfirullah, shemeji," ami alisema. "Picha si kuchinja."

Lakini alimwelewa. Jumaa iliyofuata alimkalisha Salimu barazani, kwenye kivuli kizuri, na kanzu yake na kofia yake, akampiga. Filamu ikapelekwa Mombasa kwa Mhindi mmoja aliyesafisha picha, ikarudi nyeusi kama sufuria yetu upande wa chini. Karani wa treni akaleta na ujumbe wa mdomo kutoka kwa huyo Mhindi: mwambieni bwana huyo kwamba jua liwe mgongoni pake yeye na usoni pa anayepigwa, na kivuli amwachie ng'ombe. Ujumbe ulikuwa mzuri, ila ulichelewa. Salimu alikuwa amekwisha kuitwa shambani kuitengeneza motokaa, hana ruhusa ya kutoka, na siku ya mashindano ikimalizika angepakiwa kwenye treni pamoja nayo. Kwa hiyo ilibaki siku ile ile, tena huku motokaa ikikimbia.

Tulifika uwanjani mapema, ami na sanduku lake, mama na buibui lake na kibuyu cha maji ubavuni, na mimi nikimshika nguo. Kibuyu nilikidhihaki njiani. Mama akaniambia kwamba kwao Ronge mtu wako hapiti mbele yako akienda safari ukamwacha apite na kiu, hata kama amepanda nini.

Kamba zilikuwa zimefungwa kila mahali, kamba za mkonge, za huko huko mashambani. Upande wa mashariki palikuwa na hema na viti vya wazungu. Baada yao madukawala wa Kihindi na wake zao, chini ya miavuli. Sisi tuliwekwa ng'ambo ya barabara, upande wa magharibi, nyuma ya kamba mbili, na jua la asubuhi likitupiga machoni. Tulitazama yote tukiwa tumekunja nyuso. Kule hemani niliona wazungu kadhaa wenye kamera, na kila mmoja amefungwa kitambaa cheupe mkononi. Walitembea barabarani walivyotaka, wakapiga magoti mbele ya magari, wakacheka na madereva.

Salimu nilimwona mbali, amevaa kofia ya ngozi iliyomfunika masikio, akifuta taa. Hakutazama upande wetu. Ami akamwendea askari aliyekuwa akilinda kamba, mtu tuliyemjua vizuri, maana suruali zake zilipunguzwa na ami mwenyewe.

"Nivuke kidogo tu, ndugu yangu. Nipige picha moja nirudi."

"Una kitambaa?"

"Kitambaa ninacho kingi, mimi fundi. Nitajifungia sasa hivi."

Askari alicheka, kisha akaacha kucheka kwa sababu mzungu alikuwa akitazama. "Hemedi, usinitie matatani. Kitambaa kinatoka hemani, na huko hawakujui. Kuvuka hapana. Na ukisimama njiani huko mbele, ukikamatwa, mimi sikukuona."

Ami alirudi akainua sanduku, akachungulia kioo, akaona jua tupu. Alijaribu kuchuchumaa, alijaribu kulikinga kwa kofia. Nilihisi mkono wa mama ukikaza mkono wangu. Na hapo ndipo ami yangu alipofanya kosa la watu wenye mapenzi na chombo chao. Bunduki ya kuanzia ililia, magari yakaondoka kwa kishindo, naye, badala ya kutunza filamu, akayapiga. Gari la kwanza, la pili, vumbi, vumbi lingine, anazungusha na kupiga, anazungusha na kupiga, mpaka mama akamvuta mkono wa kanzu.

"Shemeji. Mtoto."

Akatazama kitundu chekundu nyuma ya sanduku, panapoonekana namba ya picha. Ilibaki moja.

Ni yeye aliyekumbuka korongo. Njia ya Mwatate, ukitoka mjini kidogo, iliteremka kwenye mto mkavu wenye mchanga mwingi, na hapo hata mkokoteni ulikwenda polepole. Wakati wa kurudi magari yangekuja yakilielekea jua. Hakukuwa na kamba kule, kwa kuwa hakukuwa na hema. Kulikuwa na amri tu kwamba mtu asionekane. Tukapita nyuma ya watu, tukashika kijia cha mbuzi, tukafika.

Ami akajibanza ukingo wa upande wa Voi, kwenye kichaka, jua mgongoni kama alivyoagizwa. Alituambia tukae naye. Mimi nilikaa. Mama hakukaa. Alivuka mchanga akaenda kusimama ukingo wa pili, peke yake, na kibuyu chake mikononi, ili awe wa kwanza kuonwa na mwanawe.

Motokaa za kwanza zilipita zikiunguruma, zikamfunika vumbi, hakusogea. Kisha ikaja ya Bwana Pilipili, na hata mimi mtoto nilijua haikuwa nzima, kwa jinsi ilivyokuwa ikifoka mvuke kutoka puani. Ilishuka kwenye mchanga, ikakohoa, ikasimama katikati ya mto. Bwana Pilipili alipiga usukani ngumi. Salimu akaruka chini.

Mama alikuwa amekwisha kufika. Alitembea kandokando ya gari mpaka mbele, akasimama kwenye kona ya bamba la gurudumu, na akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya nje ya nyumba yetu: alilifunua buibui usoni, mbele ya mzungu, mbele ya jua, ili kijana wake amtambue. Akamnyoshea kibuyu.

Salimu alikinyakua. Hakunywa. Alizungushia tambara kifuniko cha tangi la maji la mbele, akakifungua, mvuke ukaruka, akainama na kuanza kumimina maji yote mle ndani, mgongo wake ukiwa umetuelekea sisi.

"Salimu, geuka," ami aliita kutoka kichakani.

"Ami, huu si wakati wa picha."

"Kichwa tu, mwanangu."

Hakugeuka. Na mimi, niliyekuwa nimeng'ang'ania kanzu ya ami, nikasikia kile kisanduku kikilia *tak*.

Kisha mambo yakaenda upesi. Kibuyu kitupu kikarudi mikononi mwa mama, Salimu akazungusha mtarimbo wa mbele, mashine ikawaka, akaruka kitini, na motokaa ikapanda ukingo wetu taratibu sana, ikitujia. Nilimwona wazi kabisa. Uso wake wote ulikuwa juani, mwekundu wa vumbi, meno nje, anacheka kwa furaha ya kuwa wamepona. Alipita karibu hata ningeweza kumgusa. Ami alikuwa amesimama wima, sanduku kifuani, mikono imelegea, kwa sababu filamu ilikuwa imekwisha. Nilimchukia siku ile. Nilikuwa na haki, kwa kadiri ya akili niliyokuwa nayo.

Bwana Pilipili hakupata kikombe. Jioni treni iliondoka na motokaa juu ya behewa wazi, na Salimu juu ya motokaa.

Picha zilirudi kutoka Mombasa mama akiwa anasuka ukili. Vumbi, vumbi, vumbi, na ile ya mwisho. Aliitazama kwa muda, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Na huyu mzee ni nani?" aliuliza.

"Ni wewe, shemeji."

Mama hakuwa na kioo kikubwa zaidi ya kiganja. Aliutazama ule uso wake uliofunuliwa, kila mkunjo juani, kisha akayatazama mabega ya Salimu na ile kofia yake ya ngozi.

"Nilikuomba kichwa," alisema, "umeniletea kisogo."

Hakumrudishia. Mwanamke mwenye heshima zake hakuwa wa kuonekana uso kwenye karatasi, na wanaume wakaipokezana. Aliizungushia leso akaitia chini kabisa ya sanduku lake la nguo, na ami hakuiona tena. Mimi nilikuwa nikimkuta mama, baadhi ya siku, amelifungua sanduku, na kidole chake kimefunika nusu ya picha. Alifunika upande wake yeye, akatazama kisogo.

Nyumba nzima tuliogopa sura ya Salimu ipotee, tukasahau kwamba na wanaobaki huondoka. Salimu alikaa huko bara miaka, akawa dereva, akatuma salamu kwa kila mtu wa reli. Mvua moja nzito ikaja na homa, na mama hakuimaliza mvua ile. Salimu alifika tumekwisha kuzika, mtu mzima mwenye sharubu, akasimama mlangoni kama mgeni asiyejua avue viatu wapi.

Nilifungua sanduku la nguo la mama nikampa ile leso. Alijitazama kwanza mgongo, akauliza huyu ni nani, nikamwambia. Kisha akauona uso wa mama. Akaketi chini.

"Siku ile sikumtazama," alisema baadaye sana. "Kumbe alijifunua. Mimi niliona maji tu."

Ndani ya picha mama amesahau kila kitu duniani. Hamtazami mzungu, haitazami motokaa, hajui kama kuna sanduku la picha. Anamtazama mwanawe akinywesha chuma maji yaliyokuwa yake, na wala hajakasirika.

Ami Hemedi alikuwa barazani kwenye cherehani yake. Salimu akamfuata, akamuuliza kwa nini hakungoja, kwa nini picha ya mwisho aliimalizia pale na hali gari lilikuwa likimjia usoni. Ami hakuinua kichwa. Alisema jua lilikuwa upande wa mama yenu.

Nilikuwa karibu, nilisikia, na nilikuwa mkubwa wa kutosha sasa kuona kwamba uzi ulikuwa ukimkatalia kuingia tundu la sindano, yeye aliyetia uzi hata gizani. Nikakumbuka kwamba hakuoa. Nikakumbuka mchele na vitambaa vilivyokuwa vikifika kwetu kila mwezi, na kwamba kila alipotuletea alisimama nje ya kizingiti, akaita hodi, akakabidhi, akaondoka. Chuki yangu ya korongoni niliiacha hapo barazani.

Salimu aliondoka na picha, na ilikuwa haki yake. Lakini kabla haijafungwa tena kwenye leso, ami alifuta mikono kwenye kanzu, akaomba aione. Aliinyosha mbali kidogo, kuelekea mwanga wa mlango, akabana pumzi.

"Imetoka vizuri," alisema.