Mzee Aliyepapasa Miimo ya Milango

Mimi sinywi pombe. Naanza na hilo kwa sababu kila ninayemsimulia jambo hili huniuliza kwanza, "Papa, siku hiyo ulikuwa umekunywa nini?" Chai. Nilikunywa chai na mkate, nikavaa koti, nikatoka mchana, jua liko juu. Si ndoto, wala sikuhadithiwa na mtu. Nilimwona kwa macho haya, na ushahidi ninao kwenye vidole hivi viwili vya mkono wa kulia, nitakuja kuvieleza.

Mimi ni fundi cherehani. Shule niliishia darasa la tatu kule Uvira, kwa hiyo ukiona maneno yangu yanapinda, yanyooshe mwenyewe, mimi kazi yangu kunyoosha suruali. Hapa Johannesburg tunakaa Bertrams, nyumba ya zamani ya bati yenye baraza mbele, mimi na mke wangu, Mama Furaha. Kabla ya hapo tulikaa Malvern, lakini huko tuliondoka wakati wa fujo za kuwafukuza wageni, na hayo nikiyaanza leo hatutafika.

Siku tulipohamia nilikwangua mlango ili niupake rangi. Kwenye mwimo wa kulia, usawa wa bega, nikakuta kitu kimefunikwa na rangi juu ya rangi. Kina urefu wa kidole, kimepigiliwa misumari miwili, tena kimelala upande, utafikiri aliyekipigilia ndiye aliyekuwa amelewa. Nikakibandua kwa bisibisi. Shaba! Mbele kina herufi moja kama uma wa meno matatu, na kona ya chini imebonyea. Ndani mna kijingozi kilichokunjwa, kimejaa maandishi madogo kama mstari wa siafu.

Sasa niambie wewe. Mtu wa kwetu akikuta kitu kama hicho mlangoni pake, atafikiri nini? Hirizi! Mama Furaha alipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Mchungaji wetu akaja na mafuta ya kuombea, akasema nyumba imetegwa. Tukawasha mbaula, lile jiko la makaa, pale barazani, akakitupa kijingozi motoni huku sisi tunaimba. Kilinuka kama nywele zinazoungua. Na kile kidude cha shaba aliniambia nikakitupe mbali.

Sikukitupa. Nisikufiche, nilikipenda. Nilikisugua kikang'aa, nikakiwekea kizibo, kikawa cha kuwekea sindano zangu. Kilikaa mfuko wa ndani wa koti. Matundu ya misumari nikayaziba, mlango nikaupaka kijani, halafu nikatuma salamu kwa dereva wa lori anayekwenda kwetu: akimwona Kashindi amwambie, akifika Johannesburg aulize Bertrams, nyumba yenye mlango wa kijani. Kashindi ni mdogo wangu, tumbo moja. Siku risasi zilipoanza mimi nilikimbilia ziwani, yeye akakimbilia mlimani. Kama yu hai sijui. Salamu nilituma hivyo hivyo.

Miaka ikapita. Mwaka 2018 akaja kwangu bibi mmoja mzungu, Myahudi, jina lake Miriam, alitaka nimbadilishie bitana ya koti. Kazi yake ilikuwa kuwatembeza wageni kwa miguu kwenye mitaa walikoishi Wayahudi wa zamani, kuanzia Doornfontein mpaka huku kwetu.

"Papa, vibaka wananyakua simu za wageni wangu," akaniambia. "Njoo Jumapili utembee nyuma yetu na rungu."

"Mama, na magoti haya nitamkimbiza nani?"

"Hutamkimbiza mtu. Kunja uso tu. Uso wako unatosha."

Tulicheka sana. Laiti ningejua, ningebaki na suruali zangu.

Ilikuwa mwezi wa sita. Unaijua baridi ya Johannesburg ya mwezi wa sita? Jua linawaka na halikusaidii kitu, upepo unaokota vumbi na karatasi. Miriam mbele, wageni katikati, mimi nyuma na rungu langu. Beit Street akatuonyesha ilipookwa mikate, walipouziwa kuku, na sasa ni vioo vilivyovunjika na matairi. Watu wale, akasema, walitoka Lithuania, nchi ya baridi. Mmoja alitangulia, akawaita wengine. Kisha tukasimama kwenye kona, akaeleza habari za waliochelewa kuitwa. Vita vilipofika kwao, Wajerumani waliwafungia kwenye mitaa michache na kuwazungushia seng'enge. Kila mtu alilazimishwa kushona nyota ya kitambaa kifuani na mgongoni. Halafu wakachukuliwa mafungu mafungu mpaka msituni, wakapigwa risasi.  Nami niliwaza kwetu, maana huko msituni nako kuna watu waliolala hivyo.

Tukasogea kwenye nyumba moja kuukuu. Miriam akaweka kidole kwenye mwimo wa kulia wa mlango. Palikuwa na alama imelala upande na matundu mawili ya misumari.

"Hapa palikuwa na mezuza," akasema. "Kikopo kidogo, ndani mna maneno ya Mungu. Mwenye nyumba akiingia anakigusa, halafu anabusu vidole. Ndivyo Myahudi anavyojua kwamba huku ni kwa ndugu yake."

Eish!  Nikapeleka mkono kifuani, nikakipapasa kidude changu cha sindano, nikautoa mkono haraka kama mwizi.

Na hapo ndipo nilipogundua kwamba siko peke yangu kule nyuma. Palikuwa na mzee mwingine, mzungu mwembamba. Nikadhani ni mgeni aliyechelewa. Lakini mimi ni fundi, mtu namsoma kwa nguo yake. Koti lake lilikuwa la sufu nzito, limepauka lote, isipokuwa kifuani, ambako kitambaa kilibaki cheusi kwa umbo la nyota, na kuzunguka nyota ile kulikuwa na vitundu vya sindano. Alipopita mbele yangu nikaona na mgongoni ni vivyo hivyo. Kitu kilishonwa pale kikafumuliwa. Na jingine: sisi sote midomo ilikuwa inatoa moshi kwa baridi. Wa kwake haukutoa.

Kila mlango tuliopita, alipapasa mwimo wa kulia. Mlango wa saluni, mlango wa kiduka cha spaza, mlango uliozibwa matofali. Anapapasa, anatikisa kichwa, anasonga.

Tulipovuka robot, zile taa za barabarani, kuingia Bertrams akanigeukia. Akaniambia kwa Kiswahili, tena si cha redio, cha kwetu kabisa, cha Uvira:

"Ndugu, wewe mwenyeji wa huku?"

"Nakaa hapa, mzee."

"Natafuta kwa kaka yangu. Alipoondoka, baba alimpa kile cha mlangoni kwetu, cha shaba. Kimebonyea kona ya chini. Mimi nilikiuma nikiwa mtoto, nikachapwa." Akacheka kidogo, sauti kama ya karatasi. "Kaka akaniandikia: ukija Johannesburg usiulize namba. Papasa mwimo wa kulia, utanijua kwa meno yako."

"Mbona hukuja?"

"Walitufungia."

 Alikuwa ameshafika barazani kwangu. Mbele yake mlango wa kijani, na yeye ananyoosha mkono kwenye mwimo wa kulia. Kidude kiko mfukoni mwangu, kimejaa sindano. Ilikuwa kukitoa tu na kusema, mzee, ni hapa, umefika. Si ndiyo? Maneno manne. Lakini je, nimwambie na kijingozi kiko wapi? Nimwambie tulikichoma huku tunaimba?

Nikawahi. Nikaweka vidole hivi viwili juu ya yale matundu niliyoyaziba, kama mtu anayeegemea mlango wake. Mkono wake ukapita juu ya vidole vyangu. Baridi ile siwezi kuieleza.

"Kilikuwa hapa?" akaniuliza.

"Sijui, mzee."

Akaniangalia. Hakukasirika, na bora angekasirika.

"Basi si hapa," akasema, akashuka barazani, akaenda mlango wa jirani.

"Papa!" Miriam alikuwa ananiita. "Unaongea na nani?"

"Na yule mzee wa koti."

Nikageuka kumwonyesha. Barabara tupu mpaka mwisho, mbwa mmoja tu. Miriam alikuwa ameshika shavu.

"Umejifunzia wapi lugha ya bibi yangu?"

"Lugha gani, mama?"

"Ya Wayahudi wa kule Lithuania, uliyokuwa unaongea sasa hivi. Tangu tumzike bibi sijaisikia barabarani."

Nilikaa chini palepale barazani. Nikakitoa kidude, nikamwaga sindano mapajani mwangu, nikamweleza yote. Alikigeuza, akapitisha ukucha kwenye kona iliyobonyea. Meno ya mtoto, yanaonekana wazi ukijua unachotazama. Hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba kile kijingozi kilikuwa na maneno ya Musa, yaleyale anayotusomea mchungaji wetu madhabahuni. Tulichoma maneno ya Mungu wetu wenyewe tukiyaita uchawi!

Wiki iliyofuata alileta kijingozi kipya, tukakipigilia kidude mahali pake, kimelala upande kama mwanzo.

"Kwa hiyo sasa sisi ni Wayahudi?" Mama Furaha akauliza.

"Wewe fungua mlango tu," nikamjibu.

Mchungaji hajatia mguu kwetu tangu hapo. Na vidole hivi viwili vimekufa. Sindano inaingia, damu inatoka, mimi sisikii kitu. Vifungo anashona Mama Furaha. Kila Jumapili ya baridi nakaa barazani kuanzia mchana, rungu nimelitupa. Yule mzee hajarudi. Pengine bado anapapasa, Troyeville huko, Doornfontein, nyumba baada ya nyumba, na nyumba ya kaka yake ameshaivuka kwa sababu mimi nilimwambia sijui. Mwenye nyumba anataka kuupaka mlango rangi nyeupe. Nimemwambia atanipaka mimi kwanza. Kashindi aliambiwa kijani.

Kwa hiyo nakuonya, wewe unayehamia nyumba ya watu. Ukikuta kitu mlangoni ambacho hukukiweka wewe, kiache. Kuna mtu aliyeelekezwa njia kwa hicho. Na kama umeshakitoa, halafu mgeni akasimama mlangoni pako akakuuliza kama ni hapa, usiangalie aibu yako. Mwambie ni hapa. Mwambie aingie.