Krismasi Ambayo Sajenti Hakutoroka

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya maslahi ya familia za wanajeshi, Machakos mjini, ilikuwa mapema Desemba, miaka ya tisini. Meja aliyetusimamia alinipa faili tano. "Ndunge, hawa walikuwa ng'ambo kulinda amani. Sikukuu ndiyo huwashinda. Kawatembelee." Nilicheka moyoni. Krismasi imshinde nani?

Basi nikafika Wamunyu kwa Sajenti mstaafu Musyoka nikiwa na majibu tayari, bila hata swali moja. Nikamshauri mkewe, Mama Mwende, aite ukoo mzima, mume ashangiliwe, achinje mbuzi mbele ya watu kama mwenye boma. Ujinga gani huo! Siku ya Krismasi, watoto walipolipua fataki, Musyoka aliangusha kisu, akapotelea kwenye mahindi, akaonekana siku ya tatu.

Mama Mwende akanifuata ofisini. "Akitoroka tena mwaka ujao, mimi narudi kwetu na watoto. Nimechoka kuchekwa."

Meja aliniuliza jambo moja tu: "Musyoka mwenyewe ulimuuliza?" Niliona haya, jamani.

Mwaka uliofuata nilianza ziara za nyumbani, yaani kuketi na familia kwao, tangu Oktoba. Musyoka alifungua mdomo ziara ya tatu. "Si watu, madam. Ni kelele za ghafla. Na ile kuulizwa niliua wangapi." Tukaandika mpango wa sikukuu: nani atakuja, saa ngapi. Kaka yake ndiye atakayechinja. Fataki marufuku. Akizidiwa, aseme anaenda kuangalia ng'ombe, na mtu asimfuate.

Krismasi nilienda mwenyewe. Mjomba wa Musyoka hakukawia kuharibu mambo. "Mwanamume gani hachinji kwake? Hebu tuambie, huko vitani ulimaliza wangapi?"

Musyoka akainuka. "Naenda kuangalia ng'ombe."

Mama yake mzee akamgeukia mjomba, ndugu yake mwenyewe: "Wewe, kula nyama yako! Mwanangu alirudi mzima. Unataka nini kingine?" Watu wakaangua kicheko. Mama Mwende hakucheka. Macho yake yalikuwa kwenye njia ya zizini.

Sasa nimestaafu, na vijana wa kazi hii wana vyeti vingi kuliko mimi. Nawaambia: uliza kwanza, ndipo upange, na mpango uwe wa wenye nyumba, si wako. Niliifanya kazi hiyo hadi miaka ya elfu mbili, boma baada ya boma, na ninajivunia, sifichi. Lakini ushindi wangu mkubwa ulichukua robo saa tu. Musyoka alirudi kutoka zizini, akawasogeza watoto, akaketi katikati yao na kunyoosha sahani.

"Mama Mwende, maini yangu yameliwa na nani?"

Mkewe akafunua sufuria ndogo, machozi yakimtiririka huku anacheka.

"Hakuna aliyeyagusa. Nimekuwekea."