Makofi ya Upande wa Kulia

Siku ya kwanza niliyotumwa kuchagua wachezaji, bosi wangu alinikataza kutazama mpira. Nilikuwa fundi kijana katika karakana ya reli hapa Kindu, grisi imenijaa mpaka viwikoni, na niliitwa kwenye kazi hiyo kwa sababu moja tu: nilikuwa nimevunjika goti nikiichezea timu ya kampuni, na mbio zilikuwa zimekwisha. Bosi huyo tulimwita Direkteri wa Michezo. Kazi yake hasa ilikuwa kusimamia matengenezo ya treni. Michezo alibebeshwa juu yake, naye akaishika kwa bidii kuliko treni zenyewe. Alikuwa Mbelgiji mnene mwenye shingo nyekundu, na Kiswahili alikuwa amejifunza kwa wapishi na wachochea moto, kwa hiyo alikijua vizuri.

“Mupira uiache,” aliniambia tulipoketi kwenye benchi pembeni mwa kiwanja. “Mupira kila muntu anaiona. Wewe uangalie ule mwenye hana mupira, uone anafanya nini.”

Siku ile nilitoka na kichwa kinauma. Jaribuni wenyewe, ninyi mnaopenda kubishana juu ya wachezaji: tazameni mchezo mzima bila kuufuata mpira. Macho yanakataa. Ilinichukua msimu mzima kuyafundisha.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila mwaka, wachezaji wetu wengine walizeeka na wengine walihamishiwa stesheni za mbali, na kampuni ilihitaji damu mpya. Damu hiyo tuliitafuta katika kolegi za Mapadri, maana vijana wa kule walikula maharage kila siku, walicheza kila jioni, na walijua Kifaransa cha kutosha kumwelewa msimamizi. Mchezaji aliyetafutwa kuliko wote ni yule anayesimama katikati na kuwachezesha wenzake. Watu wa mjini walimwita fundi wa katikati. Sisi wa reli tulimwita mashinisti, yaani mwendesha treni, kwa kuwa asipokuwepo wengine wote ni mabehewa tu. Winga utampata popote penye kijana mwenye mbio. Mashinisti unaweza kukaa misimu kadhaa usimwone.

Mashinisti hujulikana kwanza kwa shingo. Kabla mpira haujamfikia, je, amegeuka kulia na kushoto, au anaungoja kama mtu anayengoja sahani ya chakula? Pili ni mguu ndani ya kiatu. Vijana wa kolegi walicheza pekupeku, na mwaka mmoja Direkteri alichagua mmoja aliyekuwa wa ajabu kwa miguu mitupu, lakini tulipomvika viatu akawa anatembea kama kuku aliyekanyaga ulimbo. Tangu hapo nilisafiri na gunia la viatu, na kipindi cha pili vijana wote walivishwa. Tatu ni sauti. Mashinisti humwita mwenzake kwa jina kabla ya kutoa pasi, kwa sababu jina ndilo linalomwanzisha mtu mbio. Pasi isiyo na jina humkuta mtu amesimama. Na mwisho kabisa niliangalia anafanya nini akikosea. Akitazama chini, nilimwacha. Akiwatazama wenzake kana kwamba kosa ni lao, nilimwacha haraka zaidi.

Baada ya mavuno ya mpunga wachezaji bora wa kolegi zote waliletwa Kindu, wakapangwa timu mbili, wakacheza mbele ya klabu tatu: yetu ya reli, ile ya meli za mtoni, na ile ya machimbo ya Pangi. Jioni wakubwa wa klabu walikaa kwenye baraza ya Wazungu na kugawana. Klabu iliyoshika mkia msimu uliopita ilichagua kwanza, ili kesho isionewe tena. Tuliuita mgawo. Aliyetajwa alipata kazi na nyumba ya matofali katika kambi ya wafanyakazi. Asiyetajwa alirudi kijijini, na kijijini bwana shamba wa serikali alikuwa anamngoja na pamba yake ya lazima. Hakuna aliyewauliza vijana wanataka klabu gani, wala sikumbuki kijana aliyelalamika. Kutajwa kulikuwa kutajwa.

Mwaka ninaotaka kuusimulia, sisi ndio tulioshika mkia. Direkteri hakuwa na raha. Alipanda nami treni hadi kolegi moja upande wa Kibombo, akaketi kwenye behewa na kofia magotini njia nzima.

Kwenye kolegi hiyo nilimwona Mulonda. Alikuwa mwembamba, mtoto wa upande wa Pangi, na shingo yake haikutulia hata kidogo. Aliwaita wenzake kwa sauti ya juu, jina moja moja, na kila jina lilifuatwa na pasi. Tulipomvika viatu kipindi cha pili, alilalamika kidogo, akakaza kamba, akaendelea. Nilifurahi moyoni na nikajizuia usoni, kwa sababu wachaguzi wa klabu nyingine nao walikuwa na macho.

Lakini Direkteri aliona kitu. Alinigusa bega. “Ule kijana iko kipofu ya kuume,” alisema. “Angalia. Yote anapeleka kushoto. Kuume haiko kwa kichwa yake.”

Ilikuwa kweli. Upande wa kulia alicheza winga mmoja aliyeitwa Kikuni, mkubwa kidogo kwa umri, ana ndevu tayari kama walivyokuwa nazo wengi wa kolegi wakati ule, na mbio zake zilikuwa za kuogopesha. Mulonda hakumwita hata mara moja. Nikafanya nilivyofundishwa: nikauacha mpira, nikaitazama shingo. Shingo iligeuka kulia kila mara, tena kulia kwanza. Alimwona Kikuni vizuri sana. Kisha badala ya kuita, alipiga makofi, pa, na makofi hayo yalichelewa kuliko jina, na Kikuni alipoanza kukimbia mlinzi alikuwa ameshafika. Baada ya kujaribu hivyo mara kadhaa, Mulonda aliacha, akarudi kushoto.

Nilimweleza Direkteri kwamba jicho lipo, kinachokosekana ni sauti. Alinijibu kwamba kwake yote ni mamoja, kwani mashinisti anayeendesha upande mmoja ataangusha treni. Alisema atangoja mchezo wa Kindu, na kama hakuna kilichobadilika, kijana huyo atabaki kwao.

Jioni Kikuni alikuja kunirudishia viatu. Nilimuuliza bila kuzunguka kwa nini mwenzake hamwiti. Kwanza alicheka, akasema sisi watu wa Kindu tumezaliwa kwenye stesheni, hatujui mambo. Halafu alitazama nyumba ya Mapadri, akashusha sauti.

“Mimi njo nilimulea kwenye jando,” alisema. “Nilimulisha, nilimubeba, nilimuosha kidonda. Jina yangu hawezi kuitaja, Yaya. Na kuniamuru hawezi.” Yaya kwetu ni kaka mkubwa, ndivyo alivyoniita.

“Hata kwenye kiwanja?”

“Kiwanja haiko inje ya dunia.”

Nilimwambia basi amruhusu, yeye mwenyewe kama mlezi, kwa ajili ya mchezo mmoja tu. Alitikisa kichwa. Alieleza kwamba mwiko huo si kitu chake aweze kukitoa. Wazee waliowaweka porini ndio waliokifunga, na hata wao hawakifungui. Nilimuuliza kama Padri Mkuu anajua. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kipumbavu. Kolegi ilikataza jando, na kijana mmoja aliyejulikana kwamba alikwenda huko wakati wa likizo iliyopita alifukuzwa siku hiyo hiyo. Kwa hiyo sikuweza kumweleza Direkteri, maana Direkteri na Padri Mkuu walikula meza moja kila safari, na Direkteri hakuwa mtu wa kuficha hadithi tamu.

Kabla hajaondoka nilimwambia ukweli wote, kwa kuwa aliustahili: mwenzake yuko karibu kukosa kutajwa, na sababu ni upande wa kulia. Nikamwambia pia kwamba yeye Kikuni atatajwa bila shaka, kama si na sisi basi na watu wa machimbo, kwa zile mbio. Alisikiliza, akaviweka viatu ndani ya gunia vizuri, kamba ndani ya kiatu, akaaga.

Siku ya mchezo wa Kindu wanafunzi walishuka treni asubuhi. Nilikuwa stesheni kuwapokea. Kikuni aliruka kutoka kwenye behewa na mzigo begani, akatembea hadi kiwanjani akizungumza na wenzake kama kawaida. Timu zilipovaa jezi, nilimkuta ameketi kwenye majani nyuma ya goli, amejifunga kitambaa kwenye kifundo cha mguu. Padri aliyewaleta alisema kijana amejitegua. Nilimtazama Kikuni, naye akanitazama, kisha akageuza uso upande wa mto.

Winga wa kulia akawa kijana wa kolegi nyingine, mbio za wastani. Mulonda alipoingia uwanjani na kuona nani yuko kulia, alisimama. Aligeuka kutafuta pembeni, akakiona kitambaa. Refa alipuliza filimbi mara ya kwanza na Mulonda bado alikuwa amempa mgongo. Niliogopa ataondoka. Kikuni akapiga makofi kutoka kwenye majani, pa, mara moja.

Basi Mulonda alicheza. Aliita kulia, aliita kushoto, alimwita yule winga wa wastani kwa jina mpaka yule akaonekana hodari. Nimechagua wachezaji miaka mingi na sijaona tena mtu akiendesha timu namna ile, tena akiwa na uso kama wa mtu aliye msibani. Wachaguzi wa meli walisogea hadi kwenye mstari. Direkteri alivaa kofia, akaivua, akaivaa.

“Ile kipofu imepona,” aliniambia.

Kwenye mgawo jina la kwanza lilikuwa la Mulonda. Sisi wadogo tulisimama chini ya baraza, karibu na ngazi, ili kuitwa tukihitajika. Ilipofika zamu yetu ya pili nilipanda nikamnong'oneza Direkteri kwamba kuna winga mmoja aliyeumia, tulimwona kule Kibombo, hatutapata mwingine mwenye mbio kama zake.

“Hatuchagule muntu ya kuikala pembeni,” alisema, na akamtaja kipa.

Watu wa meli na wa machimbo walikuwa na sheria ile ile. Hawakumtaja.

Nilienda kumwambia Mulonda habari yake. Wengine wakitajwa walirushana juu. Yeye aliuliza tu kama treni ya Kibombo imekwisha ondoka. Ilikuwa imeondoka. Alikaa chini palepale akavua viatu, akavishika mapajani, na nilimwacha.

Alituchezea mpaka Wabelgiji walipoondoka. Mchana alikuwa fundi wa breki, Jumapili mashinisti wetu, na mkia hatukuushika tena. Direkteri alijisifu kwa wageni kwamba yeye ndiye aliyemponya, nami nilimwachia sifa hiyo, haikunipunguzia mshahara. Siku ya kurudi kwao alinipa mkono kwenye gati, akauliza kama bado natazama mpira. Nikamwambia hapana. Akasema vizuri, akapanda meli.

Kikuni nilikutana naye mara kwa mara kwenye stesheni ya Kibombo, akipakia magunia ya mpunga. Hakurudi kwao Pangi, alioa pale, akalima. Mabega yalikuwa yamepanuka na mbio zimemtoka. Mara ya kwanza nilijiandaa kumpa pole, lakini hakunipa nafasi. Aliuliza jambo moja.

“Kuume, anapeleka?”

“Anapeleka.”

“Basi ni vizuri,” alisema, akarudi kwenye magunia yake.

Nimestaafu sasa, nakaa mtaa wa Mikelenge, na kijana akiniuliza namna ya kumjua mchezaji mzuri namwambia yale niliyoandika hapa juu, shingo, mguu, sauti na kosa. Ni mafunzo mazuri, nayasimamia. Ila yanakueleza mtu anaweza kufanya nini, basi. Hayakuelezi nani amekaa pembeni ili aweze kufanya. Kwa hilo sikupewa benchi wala mwalimu, na siku ile nilikuwa natazama mahali pengine, kama walivyokuwa wote.

Jumapili, goti likikubali, naenda kwenye kiwanja cha zamani cha reli. Mulonda anawafundisha watoto pale. Amenenepa, amekuwa mzee wa kanisa, na sauti yake bado inasikika hadi mtoni. Anawaita watoto wote kwa majina, kila mmoja kabla mpira haujamfikia, na wanaanza kukimbia kabla hawajajua kwa nini.

Winga wa kulia ni mwanawe wa kwanza. Alimpa jina la Kikuni. Nyumbani mama yake humwita hivyo, na majirani pia, na walimu shuleni. Baba yake hajamwita hivyo tangu alipozaliwa. Akimtaka akimbie, anasimama kwenye mstari na kupiga makofi, pa, na mtoto huyo, aliyekua akiyasikia, hachelewi hata kidogo.