Mgeni Aliyesoma Kila Aya Mara Mbili

Nyumba yetu ya Mwaya ilinuka moshi na ng'ombe, na Mwalimu Yakobo alipohamia kwetu ikaongezeka harufu ya sabuni. Ilikuwa sabuni ya misheni, kipande cheupe alichokifunga katika kitambaa kama dawa. Mimi, Tusekile, nilikuwa mtoto mwenye haya, nisiyesalimia mtu mpaka nisukumwe, na nilijibanza nyuma ya mlango ili niinuse tu anapopita. Alikuwa mwinjilisti kutoka kusini ya ziwa. Meli ya Wadachi ilimshusha ufukweni, baba akampokea kwa siku chache, mpaka misheni imjengee nyumba. Mpunga ukavunwa, ukapandwa mwingine, nyumba haikujengwa. Tukamzoea. Alitusalimu "mwagonile" kila asubuhi kwa matamshi yaliyotuvunja mbavu, na aliwaogopa mno ng'ombe, ambao kwetu hulala ndani pamoja na watu. "Mwalimu," baba alimtania, "jana umetuambia Danieli alilala na simba. Huyu ng'ombe hana hata meno ya juu!"

Asubuhi, umande ukikauka kwenye migomba, alikaa mbele ya nyumba na kutusomea Kitabu. Babu, baba yake baba, alitoka kijiji cha wazee wenzake kuja kusikiliza, akakaa palepale uwanjani na kutikisa kichwa kila palipomfurahisha. Mama alisikiliza kutoka ndani, sikio lake limegandamizwa kwenye ukuta wa mianzi. Kwetu mwanamke hamtazami baba mkwe wake, wala baba mkwe haingii nyumba ya mwanawe. Mama akimwona babu njiani huchepuka na kuingia migombani hata kama ana mtungi kichwani. Hilo halikumzuia kuipenda ile habari. Alitaka kubatizwa, aliniambia mimi, maana alijua sisemi ovyo.

Mwalimu hakuijua desturi hiyo yetu. Siku moja aliingia ndani, akamkuta mama amepiga magoti ukutani, akamshika mkono. "Mama Tusekile, toka nje ukae na wenzako. Mbele za Mungu hakuna kujificha." Mama alijaribu kuuchomoa mkono, mwalimu akadhani ni aibu tu, akamvuta mpaka mlangoni, uso kwa uso na babu. Mama akaanguka chini na kujifunika kichwa kwa nguo. Babu akageuka, akaokota fimbo yake, akasema akiwa ametugeuzia mgongo: "Mwanangu, huyu mgeni wako aende. Asipoenda, mkeo arudi kwao." Akaondoka. Mama hakula siku hiyo, na mwalimu, alipoelezwa na baba alichokifanya, alikaa kitandani akikunja na kukunjua shuka lake.

Kesho yake alianza kufunga mzigo. Mama, aliyekuwa akikoroga uji, akasema bila kugeuka: "Baba Tusekile, mwambie mgeni aache hilo shuka. Akamwombe mzee radhi. Akirudi, asome akiwa amesimama mlangoni. Mimi nataka kusikia, sitaki kuona." Baba akatoa jembe jipya la kumwombea radhi, mwalimu akalibeba begani peke yake hadi kwa babu. Sisi tulingoja. Mama aliifagia nyumba, akaifagia tena. Jua lilikuwa limeshapinda mwalimu aliporudi bila jembe, babu nyuma yake, akinung'unika kwa sauti ili mama asikie na kujificha mapema: "Huyu bado mtoto, hata desturi hajui. Nitamfukuzaje mtoto?"

"Ndaga, tata," mwalimu alisema, yaani asante, baba, na safari hiyo hakuna aliyecheka matamshi yake.

Tangu hapo alisoma akiwa kizingitini. Aya moja aliisoma akiwaelekea babu na wanaume nje, kisha akageuka, akaisoma tena ileile polepole kwa mama gizani. Kazi ya saa moja ikawa ya asubuhi nzima. Babu alilalamika kwamba anacheleweshwa, lakini hakukosa kuja. Mama alibatizwa mvua zilipoanza tena.

Sasa mimi nasoma shule kubwa ya misheni, nalala bwenini, na sabuni ninayo yangu. Mwalimu Yakobo alihamishiwa ng'ambo ya milima. Nikirudi likizo tunakwenda kanisa la matofali, lenye kengele na mabenchi, na mwalimu mpya anajua hata Kidachi. Babu yu hai, hukaa mbele kwa wanaume. Mama hukaa benchi la mwisho, nguo imemfunika uso, na juzi mwalimu huyo mpya alisema wanaokaa nyuma imani yao ni baridi. Niliona mikono ya mama ikiikaza ile nguo. Nilitaka kusimama nimjibu, haya zikanishinda. Mwalimu akafungua Kitabu, akasoma aya mara moja, haraka, macho mbele, akaendelea na nyingine.