Mbegu Haichunguliwi

Jirani yangu wa upande wa pili wa ua huwafundisha wanawe wawili bustanini, kwa sauti ya mwalimu mkuu. Jembe lake ni upawa wa jikoni, maana jembe la kweli, anasema, halikuingia kwenye bajeti. Saa ya chakula ikifika upawa huoshwa ukarudi sufuriani. Tangu apande maharage ametangaza kwamba mboga za kununua sasa basi, na mumewe ameanza kuuangalia ule udongo kwa huzuni. Kila asubuhi watoto hufukua mbegu kuona kama zimeota. Kila asubuhi yeye huzifukia upya, akiupigapiga udongo kwa kiganja kama anayembembeleza mtoto alale. “Mbegu haichunguliwi!” huwafokea. “Nyie mkifunuliwa shuka kila saa, mtalala? Haya, haraka haraka?” Nao huitikia, kucha zimejaa udongo: “Haina baraka!”

Jana mapema, nikianika nguo, nilimwona amechuchumaa pale peke yake, akigeuza shingo huku na huku kama mwizi wa kuku. Akachomeka kidole udongoni, akatoa harage moja, akalipuliza, akaliinua kwenye mwanga. Kitu cheupe kilikuwa kimechomoza, kama jino la kwanza la mtoto. Akacheka peke yake. Papo hapo dirisha likafunguka, na sauti ndogo ya mwalimu mkuu ikauliza:

“Mama, haraka haraka?”

Akaficha mkono nyuma, kucha zimejaa udongo.

“Haina baraka,” akaitikia.